Ukishajibu 250, barua ni amana yako

Shikamooni wakubwa zangu mlioko humu, na vijana hamjambo. Nimeombwa niongee kuhusu kuseti njia za barua pepe na za kulogini kwa mbali, na naona wengi mliokuja ni mafundi wa vyuo, hospitali na halmashauri, watu ambao mtandao ukikata saa 2 asubuhi simu yako ndo inayoita, kwa hiyo sitawachosha na utangulizi, naanza na kilichonikuta mwenyewe alafu historia itafuata.

Kuna chuo niliwahi kufanya kazi, jina tuliache. Ijumaa moja jioni nikahamishia barua kwenye mashine mpya. Kwenye faili la DNS, lile daftari la majina ya mtandao, nikaandika mstari wa MX, ule unaowaambia walimwengu barua za chuo chetu zipelekwe mashine gani, nikaandika jina la mashine lote mpaka ac.tz, nikasahau nukta ya mwisho. Nukta moja tu. Wanaotumia BIND, programu ya seva ya DNS, wanaelewa hapo: jina lisilo na nukta mwishoni linahesabiwa halijaisha, linabandikwa jina la kikoa, yaani jina la chuo kwenye mtandao, kwa nyuma, kwa hiyo jina langu likajirudia mara mbili likawa jina la mashine ambayo haipo duniani.

Nikajaribu. Nikalogini kwa mbali kwa ssh, ikakubali. Nikatuma barua kwenda nje, ikafika. Nikamtumia mwenzangu wa ofisi ya pili, ikafika. Nikaenda nyumbani roho imetulia. Sasa tazameni nilivojidanganya: barua inayotoka inafuata MX ya yule unayemwandikia, sio yako, na barua ya ndani kwa ndani haiulizi MX kabisa, seva inaona huyu ni wa humu humu inamtumbukizia kwenye sanduku lake basi. Njia iliyokufa ilikuwa moja tu, ya kutoka nje kuja ndani, na hiyo ndo sikuijaribu.

Aliyegundua ni mama wa masijala. Jumatano asubuhi akaja na daftari lake, lile kubwa la barua zinazoingia, tarehe, imetoka kwa nani, inahusu nini, kapewa nani, sahihi. Yeye barua pepe za ofisi alikuwa anaziprinti anaziingiza mle kama za karatasi. Akaniambia, "Mwanangu, tangu Ijumaa sijaandika hata mstari mmoja wa kutoka nje. Wametususa?" Nikamwambia, "Mama, mtandao uko vizuri, nimeuangalia." Akasema, "Sijakuuliza mtandao. Nakuuliza barua."

Nikaenda kwenye seva ya akiba, ilikuwa jengo la pili, MX yetu ya 20, ile mashine mpya ikiwa ya 10, na namba ndogo ndo inajaribiwa kwanza. Nikaandika mailq, amri ya kuonyesha foleni ya barua, zikaanza kushuka kwenye skrini hazimaliziki. Kumbe seva za dunia zilipoona ile ya 10 haina anwani zikahamia ya 20 kama utaratibu unavosema, na ya akiba ikazipokea zote, kila moja ikaijibu 250, nimepokea, alafu nayo ikauliza njia ya kwenda kwa ya 10 ikapewa lile lile jina la uongo, ikaziweka foleni ikawa inajaribu na kujaribu. Postfix, programu ya barua tuliyokuwa nayo, kwa kawaida inavumilia siku 5 ndo inairudisha barua kwa mwenyewe, na katikati hapo haimwambii mtumaji kitu chochote mpaka uwe umeiagiza imwambie.

Mle kwenye foleni kulikuwa na barua ya binti wa mwaka wa 3. Imepokelewa Jumamosi saa 4 asubuhi. Anaitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo, usaili wenyewe Jumanne. Na siku hiyo ni Jumatano. Nilimtafuta mwenyewe nikamweleza yote, hakunigombeza, aliniuliza swali moja tu, "Kaka, hao waliotuma wanajua kwamba mi sikuipata?" Nikamwambia hapana mdogo wangu. Wao wanajua imefika.

Hilo swali lake ndo hotuba yangu yote leo.

Manake itifaki ya barua, SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982 kwenye RFC 821, RFC ndo hati za kanuni za intaneti, na mpaka leo mifupa yake ni ile ile, ina sehemu moja ambayo vijana wengi mnaipita haraka. Seva ikishapokea barua nzima ikajibu 250, kuanzia hapo jukumu limehama. Aliyetuma ana haki ya kufuta nakala yake. Barua ni yako, ama uifikishe ama umrudishie mwenyewe na sababu, hamna njia ya tatu. Wazee wetu wana neno la jambo hili, amana. Unampa konda wa basi la Mwanza bahasha ampelekee mama yako, konda akisema "haya lete", pale pale kashabeba, hawezi kuiacha Singida akanyamaza. Angekataa pale stendi ingekuwa heri, ungetafuta basi lingine. Kukataa mapema sio ubaya, na seva nayo ina namba za kukataa: za 400 ni "ngoja kidogo jaribu tena", za 500 ni "hapana, haiwezekani", na zote mbili ni za kiungwana kwa sababu mtumaji anabaki anajua. Ubaya ni 250 ya mdomoni.

Kulogini kwa mbali hakuna tabia hii, na ndo maana watu wanachanganyikiwa wakidhani ukiweza kuingia basi kila kitu kiko sawa. Ukilogini ukafeli unafeli hapo hapo unaona kwa macho, mstari umekatika, paswedi imekataa, unapiga simu. Hata ile siku ya kwanza kabisa ilikuwa hivo, tarehe 29 Oktoba 1969, Charley Kline yuko chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles anajaribu kulogini kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti ya SRI kaskazini ya California, akaandika L, ikafika, akaandika O, ikafika, mashine ya upande wa pili ikaanguka. Herufi 2 ndo zilizofika. Lakini yeye na mwenzake wa SRI walijua papo hapo imeanguka, walikuwa wanaongea kwa simu huku wanaandika, wakarekebisha, baada ya kama saa moja wakafanikiwa. Barua hainaga hiyo simu ya pembeni. Barua inaharibika nyuma ya mgongo wa mtu.

Nataka mjue watu wa zamani waliseti nini, kwa sababu ukiona mikono yao inavofanya kazi utaelewa kwanini mambo yako leo yamekaa yalivokaa. Mwaka 1976 mashirika ya simu ya dunia yakakubaliana X.25, mtandao wa pakiti, yaani data inakatwa vipande vipande, lakini wenye tabia za simu: kwanza unapiga, unajibiwa, inafunguliwa njia, alafu pakiti zenu zote zinapita njia hiyo kwa mpangilio, kwa kawaida baiti 128 kila moja. Ukitaka kulogini na teminali yako isiyo na akili yoyote, kulikuwa na kidude kinaitwa PAD, kazi yake ni kukusanya herufi unazobonyeza na kuzifunga pakiti. Sasa fikiria, kila herufi ikisafiri na pakiti yake peke yake, na mitandao ile ilikuwa ya kulipia kwa kiasi cha data, mtu analala njaa. Kwa hiyo PAD ilikuwa na vigezo vyenye namba, namba 2 ni nani anarudisha herufi kwenye skrini, PAD ya hapa au kompyuta ya kule, namba 3 ni lini pakiti ifungwe ipelekwe, kwa mfano ukibonyeza Enta. Unaandika SET 2:0 na PAD inaacha kukurudishia herufi. Ukikosea hapo kila herufi unaiona mara mbili, au huoni kitu kabisa unaandika gizani. Hiyo ndo ilikuwa kuseti njia ya kulogini, na mnaona, kosa lake linakaa mbele ya macho.

Barua ndo ilikuwa kasheshe. Chukueni Uingereza. Mwaka 1984 vyuo vikuu vyao vikaunganishwa kwenye mtandao unaitwa JANET, juu ya X.25, na itifaki zao wenyewe walizozijua kwa rangi za majalada, Kitabu cha Njano cha usafirishaji, cha Bluu cha kuhamisha mafaili, cha Kijivu cha barua, na barua ya Kijivu ilikuwa inasafiri kama faili tu kwa kutumia kile cha Bluu. Walifanya kazi nzuri sana wale watu, nasema kwa heshima. Ila majina waliyaandika kuanzia kikubwa kwenda kidogo, uk.ac.ucl.cs, nchi kwanza, idara mwisho, kama namba ya simu inavoanza na 255. Upande wa pili wa bahari Wamarekani wakaamua kinyume chake, cs.ucl.ac.uk, kidogo kwanza nchi mwisho. Na katikati yao kuna geti, mashine inayounganisha mitandao miwili, pale chuo kikuu cha UCL, London, kikundi cha Peter Kirstein, wao walikuwa wameunganishwa na ARPANET, mtandao wa Wamarekani uliotangulia intaneti, tangu 1973, na geti lile kila barua inayopita inabidi ligeuze jina.

Kugeuza ni rahisi ukijua kichwa kiko upande gani. Jina likianza na uk unajua ni la Kiingereza unaligeuza, likiishia na uk umeshafika. Lakini watu walikuwa wanafupisha, na idara za sayansi ya kompyuta karibu zote zinaitwa cs, alafu mnamo 1990 nchi ya Czechoslovakia ikapewa herufi zake kwenye DNS, na herufi zenyewe zikawa cs. Sasa we ndo seva, umeletewa jina linaishia cs. Ni idara ya hapo jirani imeandikwa kwa mpangilio wa Kiingereza, au ni nchi ya watu huko Ulaya ya kati? Seva iliyosetiwa ibahatishe ikabahatisha, na barua ya profesa wa jengo la jirani ikaanza safari ya nchi nyingine. Mi hapo ndo naposimama kwa miguu yote miwili: seva ya barua isibahatishe. Haijui, irudishe. Mtumaji ataandika upya na jina kamili, shida iko wapi.

Na kulikuwa na jambo lingine, nani anaijua njia. Kwenye mtandao wa UUCP, kompyuta za Unix zilizokuwa zinapigiana simu na kupokezana barua, anwani yenyewe ndo ilikuwa njia. Unaandika seismo!mcvax!ukc!fulani, yaani ipeleke seismo kule Virginia, seismo impe mcvax Amsterdam, mcvax impe ukc chuo cha Kent, Kent wampe fulani. Ni kama sisi tunavoelekezana uswahilini, ukishuka stendi uliza duka la Mangi, pita nyuma ya msikiti, nyumba ya bati jipya. Inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku Mangi amehama. Mashine moja ya katikati ikizimwa anwani zako zote kwenye daftari zimekufa, na anwani yangu na anwani yako za mtu yule yule mmoja hazifanani kwa sababu mi naanzia hapa we unaanzia pale. Wengine wakachanganya mitandao, wakaandika fulani%mashine@geti, asilimia katikati ya jina, geti likipokea linaigeuza ile asilimia kuwa @ linaendelea nayo. Nimewahi kuziona anwani za hivo kwenye karatasi za zamani, unazionea huruma.

Angalieni sasa sanduku la posta. S.L.P. namba fulani, Dodoma. Humo ndani hamna njia hata moja, hujaambiwa gari lipite Morogoro au liende kwa treni, umeambiwa mwenyewe anachukulia wapi, basi, njia ni kazi ya posta. Huo ndo uzuri wa MX. Paul Mockapetris alikuwa ameshatoa DNS mwaka 1983, alafu Januari 1986 Craig Partridge akaandika RFC 974 akaeleza kwamba kikoa kinaweza kuwa na mistari ya MX yenye namba, ndogo kwanza, na mashine inayopokea haihitaji hata kuwa kwenye intaneti yenyewe moja kwa moja, kuna geti linalopokea kwa niaba yake. Yaani mtu wa mtandao wa X.25 au wa UUCP akapata anwani ya kawaida kama ya watu wote, na mtumaji hajui wala hahitaji kujua huko nyuma barua inapita kwenye nini. Mwaka 1991 JANET wenyewe wakaanza kubeba pakiti za IP, zile za intaneti, ndani ya pakiti zao za X.25, na haikuchukua muda IP ikawa ndo mzigo mkubwa.

Huku kwetu tulipita njia hiyo hiyo ya mageti. Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya kiserikali yalikuwa yanatuma barua kwa FidoNet, modemu inapiga simu inapeleka kifurushi na kuchukua kifurushi, na geti lao lilikuwa GreenNet kule London. Madaktari wa Afrika nao walikuwa na Satellife, barua inapandishwa kwenye kisetilaiti kidogo kinachopita juu, kinaibeba, kikifika upande wa pili wa dunia kinaishusha, jamani barua inakaa kwenye kumbukumbu ya kitu kinachozunguka angani na inafika. .ke ikaandikwa kwenye DNS mwaka 1993 na .tz 1995. Nayasema haya kwa sababu watu wale walikuwa na laini mbovu kupita laini yoyote mliyonayo nyie, simu inakatika katikati ya kifurushi, na bado msingi wao ulikuwa ule ule, aliyetuma hafuti nakala yake mpaka wa mbele athibitishe kapokea.

Haya, turudi kwenye mashine zenu. MX ielekezwe kwenye jina lenye anwani yake halisi, sio namba ya IP, na sio jina la bandia la CNAME, hilo limekatazwa kabisa. Seva ya akiba ndo nataka niisemee sana. Mtu anaweka MX ya 20 kwa sababu kitabu kimesema weka, alafu anaisahau miaka, haina orodha ya watumiaji, kwa hiyo inapokea barua ya jina lolote hata la mtu asiyekuwepo, inajibu 250, baadae seva kuu inakataa, sasa akiba imebaki na barua iliyoahidi na haina pa kuipeleka, inairudisha kwa anwani ambayo mara nyingi ni ya kughushi, na mtu asiyehusika anamiminiwa takataka. Kama huwezi kuipa akiba yako orodha ile ile ya majina na mtu wa kuiangalia kila siku, nawaambia kabisa iondoeni. Seva za dunia ni zenyewe zinangoja, RFC inasema zijaribu angalau siku 4 au 5. Ukizima siku moja barua inakaa kwa mwenyewe aliyeiandika, na hapo ndo mahali salama pa kukaa.

Sanduku la postmaster, la kupokea malalamiko kuhusu barua, lazima liwepo na lazima lisomwe na mtu mwenye macho. Na mkibadilisha chochote jaribuni kutoka nje, tumia laini ya simu yako, sio ya ofisini. Jaribuni njia zote tatu, ya kutoka, ya ndani kwa ndani, na ya kuingia.

Kulogini nako, najua bado kuna maswichi ya zamani mnaingia kwa telnet mlango wa 23, paswedi inapita wazi kwenye waya kila mtu anaisoma. Tatu Ylönen pale chuo cha teknolojia cha Helsinki aliandika ssh mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chao kuchotwa paswedi, miaka mingi imepita, badilisheni. Na wanaopenda kulogini mashine A, kutoka hapo B, kutoka hapo C, mnaacha funguo zenu njiani kwenye kila mashine, ssh ina -J, unapita mashine ya katikati bila kuiachia siri yako. Hayo yanatosha ya ssh.

Telnet lakini msiitupe, ina kazi moja nzuri, na ndo tunaifanya sasa hivi kwenye ukuta hapa. Naandika telnet, jina la seva yangu, 25, mlango wa barua. Inanijibu 220, ipo macho. HELO na jina langu, 250. MAIL FROM, 250. RCPT TO na jina la mtu asiyekuwepo, mnaona, 550, imekataa mlangoni, safi, hivo ndo inatakiwa. Naweka jina la kweli, 250. DATA, inasema 354, haya endelea. Naandika barua, mistari miwili. Mpaka hapa bado haijabeba kitu, nikichomoa waya sasa hivi barua ni yangu mimi. Alafu kwenye mstari wa peke yake naweka nukta, nabonyeza Enta.

Ile hapo. 250, na namba yake ya foleni. Iandikeni hiyo namba, manake ndo daftari la mama wa masijala, ukiitafuta kwenye logi utaona imeingia saa ngapi, kakabidhiwa nani, huyo aliyekabidhiwa kajibu nini. Haya kaka uliyekaa mbele hapo na laptop, lete jina la kikoa cha kwenu, tuanze na MX yake, tusome mpaka nukta ya mwisho.